Mama Mdogo Alipozuia Mlango

Maharage yaliyolowa yakikaa kwenye gunia siku tatu hutoa harufu chachu, nzito, inayoshika hadi kwenye nywele. Nyumba yetu kule Kilolo ilinuka hivyo karibu masika yote, mwaka nilipokuwa darasa la nne. Tuliyaanika jua lilipochungulia, tukayaanua wingu lilipotanda, tukayaanika tena, hadi mikono ikachoka. Yalikuwa mbegu yetu na chakula chetu, na kila mtu mle ndani alijua kwa nini yalilowa.

Wiki chache kabla, mama mdogo Imelda, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka pwani ya kusini, alikoolewa na seremala aliyewahi kufanya kazi ya mbao huku kwetu. Kimbunga kilikuwa kimepita kwao. Alishuka kwenye basi na mfuko mmoja. Mumewe alibaki kuokota yaliyosalia. Baba alimpokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, shemeji. Pole sana," naye akaitikia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alitusimulia kidogo kidogo, akichambua mboga, akiishia katikati, akirudia. Upepo ulivuma tangu alfajiri, ukang'oa minazi na mabati, bahari ikaingia hadi uani. Halafu, ghafla, kimya. Jua likatoka. Mama mkwe wake, aliyekuwa amejikunyata chini ya meza, akauliza, "Umekwisha?" Mama mdogo akamjibu, "Umekwisha, mama. Toka tu." Bibi yule akatoka kutafuta mbuzi wake. Upepo ukarudi kutoka upande wa pili, mkali kuliko mwanzo. Walimpata kesho yake chini ya ukuta wa jirani. "Mimi ndiye niliyemwambia atoke," alisema mama mdogo, akaendelea kuchambua mboga.

Jumamosi moja mchana, dhoruba ikatushukia na sisi. Mvua ya mawe ilipiga bati mpaka hatukusikiana, na upepo ukabeba nusu ya paa la ghala. Kisha kukatulia. Baba akachukua turubai akafunike magunia, lakini mama mdogo alifika mlangoni kabla yake, akaegemeza mgongo kwenye mbao, mikono ameitanua.

"Shemeji, usitoke. Upepo unarudi."

"Ule ulikuwa wa baharini, shemeji. Huu umeshapita."

"Hata sisi tulisema umepita."

Mama alimshika bega, akambembeleza kwa Kihehe, hakusogea. Baba alikuwa mpasua mbao, angeweza kumwondoa kwa mkono mmoja. Nilimwona akimtazama, akitazama ghala dirishani, ambako mvua ya kawaida, isiyo na upepo wowote, ilikuwa imeanza kumiminika juu ya maharage. Akaliweka turubai chini, akaketi. Tukakaa hivyo hadi jioni. Upepo haukurudi. Mama mdogo alipoteleza taratibu mpaka sakafuni, alisema, "Nimewaponza." Baba akamjibu, "Kunywa chai, shemeji. Maharage tutaanika." Mengi yalioza, na msimu uliofuata tulipanda nusu shamba. Sikumsikia baba akilitaja tena jambo lile.

Sasa nafundisha jiografia katika sekondari moja Mbeya. Najua kwamba kimbunga hulishwa na bahari yenye joto: mvuke hupanda, upepo hukimbilia pengo lililoachwa na kuanza kuzunguka, na katikati hubaki mahali patulivu paitwapo jicho. Najua pia kwamba kikiiacha bahari hupungua nguvu, na hakiwezi kupanda na jicho lake hadi milima ya Kilolo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama mdogo angelijua hilo, tusingepoteza maharage. Likizo moja nilimchorea yote kwenye daftari, taratibu. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kidole kwenye lile duara la katikati. "Kumbe lina jina," akasema. "Na hakuna aliyetuambia."

Siku hizi tahadhari ya kimbunga huingia kwenye simu ya kila mtu, na wengi huipitisha kwa kidole bila kuisoma. Mimi huisoma yote mbele ya darasa, kisha nachora kimbunga ubaoni. Ni kipindi cha mwisho, wanafunzi wamechoka, nami nimechoka, wanapiga miayo wakitazama saa. Nikifika kwenye jicho, nasimama, nangoja wanitazame, naanza upya.