Matawi ya Columbus na Louisville

Kampuni yangu ilikuwa na mtu mmoja, lakini ukisoma barua zangu za nyumbani ungedhani ni jeshi zima. Niliandika "sisi". Niliandika "mafundi wetu". Wakati huo kompyuta za mezani ndiyo kwanza zinaingia madukani, nami nilikuwa nimemaliza chuo kule Amherst, Marekani, nimepanga chumba Buffalo, natunga programu za kuwasaidia wenye biashara ndogo kujua mali iliyobaki stoo. Wateja wangu walikuwa wawili: mwenye duka la matairi Columbus, na daktari wa mifugo Louisville. Nikamwandikia mama, Mwanza, kwamba tumefungua matawi katika miji hiyo.

Siku hizi vijana wakiniuliza nilivyoanza, nawasimulia habari za disketi na baridi, basi. Hili la matawi silitaji. Nilikuwa natafuta sifa tu. Umesomeshwa mpaka ng'ambo, halafu useme unakula mayai juu ya meza ileile unayofanyia kazi?

Kaka yangu mkubwa alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika, kazi ya heshima, yenye nyumba. Siku moja ikaja simu ya maandishi: "Nimeacha kazi. Viza tayari. Nakuja kusaidia kampuni."

Nilimkuta uwanja wa ndege amevaa suti ya kijivu, mkoba wa ngozi mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, bosi," akajibu, anacheka kwa furaha ya kweli.

Hilo "bosi" lilinichoma. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa palepale, na sikuitumia.

Chumbani aliangalia kompyuta, boksi la viatu lililojaa disketi, kitanda, sufuria. Akauliza ofisi iko wapi.

"Hapa ni makao makuu, kwa muda tu," nikasema. "Wafanyakazi wako matawini."

Mpumbavu mimi! Makao makuu gani yananuka vitunguu? Yeye akaitikia kwa kichwa. "Basi Jumamosi nipeleke Columbus. Nikasalimiane na wenzangu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilitoka Buffalo mpaka Columbus, na usukani niliushika mwenyewe. Sijui nilitegemea nini. Labda gari liharibike. Halikuharibika.

Duka lilikuwa Linden, mtaa mmoja wa Columbus. Mwenyewe, Mmarekani mnene mwenye mikono myeusi kwa mpira, alitoka nje akamtazama kaka na suti yake.

"Hatimaye nimemwona mtu wa pili!" akasema kwa Kiingereza, akimtikisa mkono. "Maana huyu bwana nikimpigia simu anapokea kwa sauti nyembamba, ati karani. Ananiambia nisubiri, halafu anarudi kwa sauti nzito, ati fundi. Mimi na mke wangu tunacheka mpaka basi. Lakini programu yake nzuri, sina ugomvi naye."

Kaka alikijua Kiingereza vizuri kuliko mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenye duka hakunitia aibu sana. Kilichonimaliza ni ile suti ya kaka, aliyoipiga pasi alfajiri juu ya meza yangu ili akasalimiane na wafanyakazi wenzake.

Tuliporudi garini nilikuwa nimekusudia kumwambia kila kitu. Kabla sijafungua kinywa, akasema taratibu, "Louisville tusiende, mdogo wangu. Tutachoma mafuta bure." Akaniomba nifungue redio.

Hakuligusa tena. Angenitukana ningepumua. Baada ya muda si mrefu akapata kazi kiwandani Tonawanda, jirani na Buffalo, kufunga maboksi, na mshahara wake ndio uliotulipia kodi ya chumba huku mimi nikiendelea kuitwa mkurugenzi katika barua za nyumbani.

Jumapili moja tulipanga kumpigia mama, naye mama akaenda parokiani kusubiri simu. Kaka alikuwa ametoka zamu. Akashika simu kwanza.

"Mama, kampuni ni kubwa," akasema. "Columbus nimefika mwenyewe, wametupokea vizuri. Mdogo wangu amenikabidhi hesabu zote."

Alisema hayo bila kunitazama, kwa sauti ileile ya upole aliyonifundishia kusoma. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kaka yangu akisema uongo, na aliusema kwa ajili yangu, kwa mama yetu. Nilimkazia macho anyamaze. Hakunyamaza. Kisha akanipa simu.

"Mwanangu," mama akasema, naye analia, "Mungu akubariki kwa kumbeba kaka yako."

Kaka alikuwa amekaa kitandani, anahangaika na kamba za viatu vya kiwandani kwa vidole vilivyovimba.

"Usijali, mama," nikajibu. "Ndugu ni ndugu."