Geti la Watu wa Jikoni

Nilichagua bustani ya Muthangari kwa sababu ya geti lake. Watu niliwaambia ni maua, mchumba wangu nikamwambia ni nafasi ya kuegesha magari, lakini ukweli ni geti: jeusi, refu, lenye soja wawili ambao hawakuruhusu mtu aingie bila kadi. Kadi nilichapisha mapema, mia moja na hamsini, nafasi ya mahali nikaiacha wazi. Nilizigawa mwenyewe, na mama yangu nikampa tano za marafiki zake.

"Tano?" aliuliza. "Kwani mimi niko na marafiki watano?"

Alikuwa nao thelathini, na nilijua vizuri. Mama alichoma nyama Kenyatta Market tangu nikiwa mgongoni, na hao thelathini walikuwa wanawake majirani zake wa kazi: wachomaji wenzake, wasusi, na muuza mitumba mmoja ambaye kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Walinilea kwa zamu, wakiniita Mami kama alivyoniita mama. Kazi za shule nilizifanyia chini ya meza ya kukatia nyama. Siku niliyoitwa kwa mahojiano ya kazi mjini, wasusi watatu walinishika kichwa kabla hata hawajanywa chai, wakanisuka wote kwa pamoja ili nisichelewe. Kazi niliipata. Miaka miwili baadaye nikawa naogopa wasije harusini kwangu wakinuka moshi na kukaa karibu na bosi wangu. Naandika hili waziwazi kwa sababu nimeona haya muda mrefu, na kuona haya kunachosha.

Mama alitaka uwanja wa shule ulio karibu na kwetu Jamhuri. Huko hakukuwa na geti la maana. Mtu angepita akienda dukani, asikie nyimbo, aingie, ale. Nikamwambia kuna matope. Akasema tutamwaga kokoto. Nikamwambia kuna mbuzi. Akasema mtu wa kazi yake hawezi kusumbuliwa na mbuzi.

Basi tukakubaliana azunguke nami kabla sijalipa popote. Hilo lilikuwa kosa langu. Jumamosi tatu mfululizo mama aliniaibisha kutoka katikati ya jiji hadi Westlands. Meneja akitufungulia ukumbi, atuonyeshe mapazia na taa, tukigeuka mama hayupo. Tulimkuta nyuma kwenye mapipa, akipiga gumzo na waosha vyombo kama mtu wa nyumbani. Na kila mahali swali lake lilikuwa lile lile: "Watu wa jikoni huingilia wapi?" Katika hoteli moja mjini aliambiwa kwa fahari kwamba pale wapishi ni wa hoteli, wageni hawaleti wao. Akachukua mkoba wake.

"Hapa hapana," aliniambia kwenye ngazi. "Hawa watu hawana roho."

Muthangari tulienda mwisho. Meneja alikuwa binti wa rika langu, visigino vyake virefu vikizama kwenye nyasi kila hatua. Alituonyesha waridi, akatuonyesha kibanda cha kukatia keki. Mama akauliza swali lake.

"Hapa mnakuja na wapishi wenu, mum," binti alijibu. "Wanapitia geti ya nyuma."

"Na wao pia wanataka kadi?"

"Hapana, hao mnaleta tu list ya majina. Na wavae aproni."

"Wangapi?"

"Wenye mtahitaji."

Mama akayatazama yale mawaridi kwa mara ya kwanza. "Haki hapa ni pazuri," akasema. "Mami, chukua hapa. Hata chakula, niachie mimi." Kisha akafungua mkoba, akanirudishia kadi zote tano niwape watu wa ofisi.

"Mum yako amekubali haraka sana," mchumba wangu alisema tulipokuwa tukirudi. Yeye alikulia Kakamega kati ya shangazi saba na alizijua dalili. Mimi nilikuwa nimejawa na furaha ya ushindi. Nikamwambia mama amechoka kubishana.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Kanisani mama alikaa mbele na suti yake ya kitenge, akalia pale ilipofaa. Baadaye wageni wakatangulia bustanini, sisi tukaenda kupiga picha mpaka mpiga picha akamaliza mikanda. Tulipofika kwenye geti jeusi, wasimamizi wa harusi walikuwa wameshapanga mistari ya kutuingiza kwa dansi. Shangazi yangu alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi.

"Mama yako amekataa kuingilia hapa," alisema. "Ako geti ya nyuma. Nimemwambia ako na kiti huko mbele, anasema kiti kitamngoja. Ati kama marafiki wake wanaingilia jikoni, yeye pia ni wa jikoni."

Nililishika gauni nikafuata ua wa miiba ya kayaba hadi nyuma, mume wangu wa saa mbili tu akinibebea mkia wa shela. Kupitia vyuma vya geti la nyuma niliwaona wote thelathini. Aproni walikuwa wamezivua na kuzitundika kwenye ua, zikapepea huko nyeupe. Walivaa magauni ya kitambaa kimoja, nywele zimesukwa upya, na moshi hawakunuka hata kidogo. Mama peke yake bado alikuwa na aproni juu ya suti. Nikalia vibaya, si kama alivyolia yeye kanisani.

Soja akanizuia. "Madam, bibi harusi ni geti ya mbele."

"Nataka hapa."

"Hapa ni watu wa jikoni pekee. Uko kwa list?"

Nikamwambia sijui. Akafungua karatasi, akashusha kalamu jina kwa jina. Chini kabisa, namba thelathini na moja, kwa herufi kubwa za mkono wa mama, lilikuwapo lile jina ambalo wanawake wa sokoni waliniita tangu nikiwa mgongoni.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Huyo apitie mbele," mama aliitikia kutoka ndani. "Huyo ako na kadi."

Soja akafungua geti nusu. "Sawa, ingia. Lakini aproni yako iko wapi?"

Mama alikuwa ameshaanza kufungua yake.