Keshia wa Michezo ya Alama ya M

Tangazo lililobandikwa juu ya kaunta linasema kwamba mchezo wa video wenye alama ya M, yaani usiofaa watoto, hauuzwi kwa mtu yeyote, awe nani, mpaka athibitishe kwa kitambulisho kuwa ametimiza miaka kumi na saba, na keshia atakayekiuka atafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Keshia wa duka hili la mji wa Crystal, Marekani, dada wa Kitanzania, hulitii kwa namna yake. Kitambulisho hukipokea kwa mikono miwili, magoti yakikunjika kidogo, hata kikitolewa na Mmarekani mwenye pete puani. Husoma tarehe ya kuzaliwa kwa kunong'ona, huiandika kwenye kompyuta, kisha hushukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Jumamosi moja alifika Mzee Melkiori, mzee wa kanisa letu la Watanzania, ambaye mkewe alikuwa Moshi kwa miezi miwili. Aliweka mchezo wa vita juu ya kaunta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nihesabie huu."

"Baba, samahani, wanataka kitambulisho."

"Cha nini?"

"Waone kama umefika miaka kumi na saba."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyesimamia ndoa yako."

Meneja, asiyejua Kiswahili, alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya keshia, amewapa mgongo. Keshia aliinamisha macho, akaandika tarehe kwenye kompyuta, akamtakia mzee jioni njema.

Meneja humsifu kwamba rekodi zake hazina pengo. Kwa mujibu wa rekodi hizo, Mzee Melkiori na wazee wengine wanne wa kanisa letu walizaliwa siku moja na keshia, mwaka 1982.