Ng'ombe za Papa Polycarpe

Papa Polycarpe Kanyamibwa ana kilima kizima cha majani pale Masisi, lakini muntu wa kusema naye hana. Mke wake alikufa. Binti yake wa pekee, Estelle, anasoma mambo ya mazingira Kisangani. Basi kila asubuhi mzee hupanda juu kunakopatikana rezo ya simu, akafungua simu na kuingia kwenye grupe ambamo watu wa kwao huandikiana. Kelele za watu wasiomuona ni afadhali kuliko kimya cha nyumba ile.

Siku moja Estelle akaandika humo kwamba ng'ombe akicheua hutoa gesi, na gesi hiyo inaongeza joto la dunia. Ebu, watu waliwaka! "Ng'ombe zetu? Na viwanda vya Wazungu je?" Estelle akawajibu mmoja mmoja kwa upole: "Kweli kaka, viwanda njo vinazidi kuchafua. Lakini na sisi tuko ndani." Mzee alisoma akicheka peke yake kwa furaha. Mutoto wake amelelewa, bwana!

Kisha, kwa kutafuta mfano, binti akateleza: "Papa, uko na ng'ombe ngapi sasa?"

Loo! Kwao ng'ombe za muntu hazihesabiwi mbele ya watu; ni kuziitia balaa. Mzee akajibu hapo hapo: "Anayehesabu ng'ombe za baba yake anangojea kumuzika." Grupe nzima ikamcheka Estelle: sikio halipiti kichwa! Naye akaandika, "Samahani, Papa," akatoka. Tangu hapo hakupiga simu tena.

Na nikuambie, si mwiko uliomchoma mzee. Ilikuwa aibu. Watu wa bunduki walikuwa wamekwisha kuswaga ng'ombe zake na kwenda nazo, naye akaficha, binti asije akaacha masomo. Sasa kiburi chake kimemnyima hata sauti ya mutoto, na ilimuuma sana.

Mwishowe alipanda kilimani akamwandikia binti peke yake, nje ya grupe: "Estelle, nilikosa. Ng'ombe iko moja tu. Zingine zilibebwa na watu wa bunduki. Fanya hesabu yako, ila usimubebeshe huyu joto la dunia yote."

Akangoja, ng'ombe akicheua kando yake. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Estelle hakuuliza habari ya gesi.

"Papa, sasa pale nyumbani unabakia na nani?"

Mzee alijaribu kuandika, akafuta, akajaribu tena.

"Na ile moja."