Dua ya Kumsindikiza Mkubwa

Wakati wa vita, barabara ya Mboko ilipofungwa, mkubwa mmoja wa serikali aliyetutembelea mjini Baraka alirudi Bukavu kwa helikopta ya jeshi. Nami nilikwenda kumsindikiza. Rubani alimsihi apunguze magunia ya mchele na ndagala, yaani dagaa wakavu, kwani chombo kilikuwa kimelemewa.

"Zawadi ya bananchi haiwezi kushuka, komanda!" akajibu mkubwa, akijifunga mkanda chini ya kitambi.

Ndipo mchungaji wetu aliposimama mlangoni, akainua mikono. "Baba, umupokee mutumishi wako, umupumuzishe kisha ya kazi yote."

Mkubwa akafumbua jicho moja. "Pasteri, anipokee wapi?"

"Bukavu, mukubwa."

"Basi taja Bukavu! Usimuachie Mungu achague!"

Tulicheka, hata askari. Mkubwa hakucheka. Aliyatazama magunia kana kwamba ndiyo kwanza anayaona, kisha akamwambia rubani kwa sauti ndogo, "Shusha yote."

Mchungaji angali ameinua mikono, bamama waliotwanga mchele ule na kukausha ndagala wale wakajitwisha magunia tena, wakipiga vigelegele. Helikopta ikapaa kwa wepesi, ikafika salama. Nimesikia dua nyingi. Hiyo ndiyo pekee niliyoiona ikijibiwa kabla ya amina.