Gari Linaloishia kwa Jirani

Mume wangu ni fundi cherehani. Tangu watoto wetu wakiwa wachanga, huzima gari pale juu mteremko unapoanzia, likaserereka lenyewe hadi getini, asiwaamshe. Mwaka huu likaanza kunywa mafuta kupita kiasi, akataka kuliuza.

"Limezeeka, mama watoto."

"Zeeka peke yako! Mbona siku hizi ukilizima linaishia kwa jirani? Kuna kitu kinalishika."

Jioni aliporudi na gari, akashuka, akagusa magurudumu. Moja la nyuma likamchoma vidole. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, injini ikivutana nayo safari nzima. Fundi wa magari akaitengeneza.

Jana nilikuwa nafagia uani, kugeuka, gari liko getini, kimya.

"Umenishtua, mzee!"

"Shh! Watoto wamelala."

Watoto wenyewe sasa wana ndevu.