Miti Sita ya Chuoni

Mwalimu Yakobo, aliyetufundisha kusoma watoto wote wa kijiji chetu kule Momba, alifika mahali pa kusoma kitabu kikiwa kimemgusa pua. Macho yalikuwa yanamwishia. Wazee wakaona kwamba asipopatikana mwalimu mwingine, shule itafungwa na watoto watarudi kufukuza ndege mashambani. Ndipo nikachaguliwa mimi kwenda chuo cha ualimu upande wa Ihanda. Nafasi ilikuwa moja, na tuliambiwa wazi kwamba kijiji ambacho mtu wake atarudishwa kisitazamie nyingine. Huo ulikuwa wakati wa Waingereza, miaka michache baada ya vita.

Mwezi wa saba niliondoka, na baba hakupendezwa, kwa kuwa kwetu hayo ndiyo majira ya kukata matawi. Vijana hupanda mitini na mashoka wakapunguza matawi, shina likabaki hai. Matawi hulundikwa shambani, yakikauka huchomwa, na ulezi hupandwa katika majivu yake. Baba alikuwa ameanza kuogopa kupanda miti. Hata hivyo asubuhi ile alinipa shoka lake dogo nilibebe, akasema nisije nikaonekana mtu asiye na kazi. Nililifunga ndani ya blanketi pamoja na sahani ya bati.

Tunduma nilifika jioni ya siku ya pili, miguu imevimba, nikalala kwa mama mdogo. Asubuhi mume wake alinitafutia lori la mizigo lililotoka ng'ambo ya mpaka. Dereva alinikaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni," akaniketisha pembeni yake. Mimi ni mtu wa kuuliza, na sikuwahi kuketi ndani ya gari. Nilimwuliza kile chuma ni cha nini, na kile kingine, na maji yale anayomwagia injini yanakwenda wapi. Tulipofika kilima cha kwanza alisimamisha lori, akaniomba kwa upole nihamie nyuma kwenye magunia ya chumvi.

Magunia yale yaliniletea usingizi, na huko mbele dereva akanisahau. Nilipoamka tulikuwa Mlowo, Ihanda tumeshaipita. Nikarudi kwa miguu, nikalala njiani nyumbani kwa Mkristo mmoja aliyenipa viazi na hakutaka hata shukrani.

Chuoni niliingia Jumanne mchana, nimechelewa siku nzima. Wageni wenzangu walikuwa wamekwisha kutembezwa kila mahali na kuelezwa kila kitu. Kijana mmoja wa milima ya Ileje, Yeremia Kibona, ndiye aliyenionyesha kitanda changu karibu na chake. Kilikuwa cha chuma. Nilikibonyeza mara nyingi kuona kinavyorudi juu, mpaka akacheka. Nikamwuliza kengele inapigwa mara ngapi, na nani anayempigia kengele yule mpiga kengele ili aamke. Hakujua, ila kesho yake nilimsikia naye akimwuliza kiranja swali hilohilo.

Kwa wiki ya kwanza hatukuwa wanachuo hasa. Tulikuwa tunatazamwa. Jumamosi, Yeremia alinieleza, Mkuu wa chuo angesoma majina na kila aliyekubaliwa angepewa shati la chuo. Asiyepewa shati angefunga blanketi lake. Nilitazama waliotutangulia, na mashati yao meupe, nikalitamani lile shati kuliko nilivyowahi kutamani nguo yoyote.

Jumatano baada ya chakula tuligawiwa vipande vya ardhi nyuma ya bweni, kila mtu chake. Kiranja alisema kila mmoja akitayarishe kama anavyojua vizuri zaidi. Wenzangu wakaanza kulima kwa majembe. Mimi nililiona neno hilo limesemwa kwa ajili yangu. Nikachukua shoka la baba. Chini kidogo kulikuwa na miti mirefu imesimama kwa mistari, na chini yake vijiti vya kijani ambavyo niliona havina faida. Nikapanda mti wa kwanza, nikapunguza matawi kwa ustadi, bila kuumiza shina. Nilikata miti sita. Nilipoyalundika matawi kwenye kipande changu nilifurahi kweli, maana kazi ilikuwa safi.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Haonga wa kilimo, Mnyiha wa palepale, mtu mtaratibu sana, alikuja kunichukua darasani. Alinipeleka kwenye miti yangu. Jua lilikuwa linapiga vile vijiti, na majani yalikuwa yameanza kulegea. Akaniambia kwamba hiyo ni miche ya kahawa, na ile miti chuo kiliipanda miaka mingi iliyopita ili iipe kivuli.

Kwetu mti hauoteshwi na mtu. Unakutwa tu, kama mlima. Haikunijia hata kidogo kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe, wala kwamba una kazi pale uliposimama. Nilimweleza hivyo, sikuficha kitu.

"Mkuu ameshaona," alisema. "Jumamosi ataamua yeye."

Moyoni nikamwona Mwalimu Yakobo na kitabu chake puani. Nilitaka kulia, lakini kuuliza kukatangulia. Nikauliza matawi yatachukua muda gani kuota tena. Mvua mbili, alisema. Nikamwambia kwetu miche ya tumbaku huwa tunaichomekea matawi ikae kivulini, na matawi ninayo, bado sijayachoma.

"Fanya," alisema. "Ila mimi sikuahidi kitu."

Alhamisi na Ijumaa, kila nilipopata nafasi, nilichomeka matawi, matawi mawili kwa kila mche, upande jua linakotoka na upande linakokwenda. Yeremia alikuja kunisaidia bila kuitwa. Kwao Ileje kahawa anaijua, na hakunicheka hata mara moja, jambo ambalo mpaka leo namshukuru.

Jumamosi tulipangwa uwanjani. Jina langu lilipoitwa nilikwenda mbele. Mkuu alinipa shati kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akanipa ndoo.

"Kila asubuhi kabla ya kengele," alisema, "mpaka likizo."

Hivyo nikawa mtu wa kwanza kuamka chuoni, na nikamjua mpiga kengele. Hakuna anayemwamsha. Ni mzee mwenye kikohozi. Miche miwili ilikufa. Iliyobaki niliijua mmoja mmoja.

Mwezi wa tisa nilirudi nyumbani kwa likizo. Mwalimu Yakobo alilipapasa shati langu kwa vidole, kola mpaka vifungo, akasema sasa anaweza kungoja. Siku iliyofuata nilikwenda na baba kumalizia matawi yake. Nilipanda mti wa kwanza na shoka lilelile, nikaliinua, kisha nikasita, nikainama kutazama chini.

"Unatafuta nini huko?" baba aliuliza.

Nikamwambia natazama kama kuna aliye kivulini.

Alikuwepo yeye, amesimama kwenye kivuli cha tawi lenyewe, kofia mkononi, anajifuta jasho. Nilishuka, nikahamia mti mwingine.